KERO: Hivi baiskeli ikifika kwenye taa za Dar inageuka kuwa mdudu?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Naenda kazini kwa baiskeli hapa Dar na narudi nayo. Sio mazoezi, sio wale wa Jumamosi alfajiri na helmeti zao (nawaheshimu sana). Mwendo wa kawaida barabarani nimeshauzoea: unajibana kushoto, daladala linakupigia honi, maisha yanaendelea. Balaa ni makutano. Hapo kila mtu anajitungia sheria yake.

Chukua hili la kukata kushoto. Taa imewaka kijani, nanyoosha, niko kushoto kabisa kama ninavyotakiwa. Gari la kulia kwangu linakata kushoto mbele ya tairi langu. Indiketa hakuna, au anaiwasha wakati usukani umeshazungushwa. Shule yoyote ya udereva inakufundisha kwamba anayekata kona anampisha anayenyoosha. Anayenyoosha akiwa na baiskeli, somo limefutika!

Semi ndiyo usiseme. Kichwa kinajitanua kwanza kwenda kulia ili kipate kona, wewe unadhani umeachiwa njia, unaingia. Halafu tela linakuja taratibu linakubana na ukingo, na tairi za nyuma zinapita ndani kabisa kuliko za mbele. Usukani wa huyu bwana uko kulia, wewe uko chini ya mlango wa utingo. Hakuoni hata angetaka. Kama utingo kasinzia, ndio basi tena.

Kukata kulia je? Eti ninyooshe mkono wa kulia, nihame njia moja baada ya nyingine mpaka katikati. Mwenye ubavu akajaribu Mwenge au Magomeni saa kumi na moja jioni. Mkono unaunyoosha, daladala linaona nafasi tu limeachiwa. Kwa hiyo wengi wetu tunanyoosha mpaka kona ya mbele, tunageuza baiskeli, tunasubiri taa ya upande ule. Denmark ndivyo sheria yao inavyowataka waendesha baiskeli wafanye. Kwetu ukisimama kwenye kona hiyo kuna bajaji, kuna bodaboda wanaosubiri abiria, kuna muuza maji, na bado anayeulizwa "unafanya nini hapo?" ni wewe.

Sasa kilichonifikisha hapa. Wiki iliyopita, makutano siyataji. Trafiki anaongoza kwa mkono, taa zinawaka zenyewe hakuna anayezitazama. Sawa, ishara ya askari inazidi taa, natii. Nimesimama nyuma ya mstari, bodaboda wananipita kushoto na kulia wanaenda kujipanga juu ya zebra. Hakuna aliyewagusa. Afande akaita upande wetu, akapunga mara mbili tatu, akafunga. Kuna mzee alikuwa na magunia mawili ya mkaa kwenye keria, na mnajua baiskeli yenye mzigo ule haianzi kuondoka kama Vitz. Hajafika hata katikati, upande wa pili ukaachiwa. Honi kila kona. Konda mmoja akagonga bodi huku anamtukana mtu mwenye umri wa baba yake.

Na aliyeitwa pembeni ni nani? Mzee! "Unazuia magari."

Anazuia magari vipi wakati umemruhusu wewe mwenyewe, afande? Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ipo tangu 1973 na baiskeli imo humo. Taa nyekundu inanihusu, ishara ya askari inanihusu. Ila ikifika zamu ya kupishwa naambiwa niwe makini, barabara ni ya magari.

Waingereza waliotuachia huku kuendesha kushoto walirekebisha kanuni zao za barabarani Januari 2022, wakaandika waziwazi kwamba dereva anayekata kona asimkate mwendesha baiskeli anayenyoosha. Idaho kule Marekani wamekwenda mbali zaidi, tangu 1982 baiskeli ikifika kwenye alama ya kusimama inaruhusiwa kupunguza mwendo na kupita kama pako wazi. Mimi hata hilo siliombi. Nikipewa hilo hapa Dar nitakufa siku hiyo hiyo.

Mtakaosema "tumia njia ya baiskeli", nimeshaitumia ile ya Morogoro Road iliyokuja na mwendokasi. Kuna meza za biashara, kuna pikipiki zimepaki, na ikikutana na barabara ya mtaani uko peke yako, hakuna gari litakalokupisha. Na wa "nunua gari", nitumieni pesa, namba nitawapa PM.

Ninachotaka ni trafiki ahakikishe aliyemruhusu amemaliza kuvuka kabla hajaachia upande wa pili, na dereva anayenikata aandikiwe kosa papo hapo kama anavyoandikiwa aliyepita taa nyekundu.

Wanasheria na maafande mliomo humu, nawauliza: kuna aliyewahi kuona dereva akiandikiwa kosa la kumkata mwendesha baiskeli kwenye makutano, bila kusubiri mtu afe kwanza? Hata mmoja tu. Mwekeni hapa.