Fisi wangu anaonekana kama mtu aliyevaa kinyago: nawezaje kuchora wanyama wenye vituko vya mjini wakabaki wanyama?

Penseli ya Umoja:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mkazi wa Umoja, na mchana hufanya kazi ya hesabu katika kiwanda kimoja cha hapa Nairobi. Jioni, vyombo vikishaoshwa, mimi na binti yangu wa miaka sita huketi mezani tukachora. Tulianza kwa kunakili picha za vitabu vya hadithi vya mtumba, vile vinavyotandazwa kando ya njia katikati ya jiji, ambavyo vimejaa dubu waliojifunga skafu, theluji inayofika magotini na nyumba zenye bomba la moshi. Vitabu hivyo ninavipenda kwa dhati na vimenifunza mengi, ila binti yangu hajawahi kuona theluji, na katika misitu yote ya Afrika Mashariki hakuna dubu hata mmoja. Kwa hiyo niliamua kuchora wanyama wanaoishi maisha tunayoyaishi sisi: kima anayeuza matunda, mbuzi aliyepanga foleni ya maji, fisi anayeita abiria wa matatu.

Huyo fisi ndiye aliyenileta hapa. Nilimchora kwa jioni tatu, akiwa amening'inia mlangoni mwa matatu, amevaa sare ya kondakta ya rangi ya damu ya mzee, mkono mmoja umeshika chuma na wa pili umepunga noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole. Niliridhika naye. Binti yangu alimtazama kidogo, akaweka kidole gumba juu ya kichwa cha fisi, akasema, "Mama, ukifunika hapa ni mtu tu." Nilifunika mwenyewe nikaona ni kweli. Kila mnyama niliyemchora mwezi huo alikuwa hivyo hivyo: mwili wa mtu, kichwa cha kubandika.

Naomba mnisaidie. Je, mnyama anawezaje kufanya kazi ya binadamu katika mchoro na bado akabaki mnyama? Je, nijifunze kwanza kuwachora wanyama walivyo, au hilo litaua vituko ninavyovitafuta? Na mtu asiyeweza kulipa kiingilio cha mbuga kila wiki awatazamie wapi?

Mzee wa Wino:

Dada Penseli, mpe binti yako pongezi zangu, kwa kuwa jaribio lake la kidole gumba ni bora kuliko mengi niliyofundishwa. Nimechora picha za vitabu vya watoto kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba vituko vizuri hutoka ndani ya mwili na tabia ya mnyama mwenyewe. Nguo huja mwisho.

Tuanze na miguu, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Ukimtazama mbwa, paka au fisi kutoka ubavuni, utaona mguu wa nyuma una kiungo kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume. Hilo si goti. Ni kisigino, kwa sababu wanyama hao hutembea kwa vidole, na goti lao halisi liko juu zaidi, karibu na tumbo. Mbuzi na punda wanasimama juu zaidi kuliko hao, kwenye ncha ya kidole, na kwato zao ni kama ukucha. Ukishalijua hilo, hata ukimsimamisha mnyama kwa miguu miwili na kumvalisha suruali, utajua suruali ipinde wapi. Mtazamaji hatajua ni kwa nini, lakini ataona kwamba ndani ya suruali ile mna mbuzi.

Sasa fisi wako. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo umeteremka kuelekea mkiani, shingo ni nene, na kichwa hukibeba chini kana kwamba kinamwelemea. Wewe ulimchora kondakta aliyenyooka. Mwachie mteremko wake: mabega yatangulie nje ya mlango, makalio yabaki chini ndani ya gari, shingo ijae kwenye ukosi wa shati mpaka kifungo cha juu kikatae kufungika. Chora mwili mtupu kwanza kwa penseli hafifu, kisha uuvishe.

Kuhusu mahali pa kutazama, huhitaji mbuga. Nenda karibu na Uwanja wa Nyayo, uinue macho kwenye migunga. Wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni wamenifunza kuchora kuliko mwalimu yeyote. Korongo wa aina hiyo anaweza kufikia kimo cha mita moja na nusu, na anapotulia na mabawa yake meusi yamekunjwa, ni mzee aliyefunga mikono mgongoni akisubiri kikao kianze. Koti amezaliwa nalo. Mtazame miguuni pia: inaonekana myeupe kama imevalishwa soksi ndefu, ilhali ngozi yake ni ya rangi iliyokoza. Weupe huo ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia miguuni ili unyevu wake unapokauka umpunguzie joto. Mtoto akiambiwa siri hiyo ataitazama soksi ya korongo maisha yake yote, na wewe hukulazimika kubuni chochote.

Mwandishi Mwingereza Beatrix Potter alifuga sungura nyumbani na kuwachora kwa uangalifu kabla hawajawa wahusika wa hadithi. Hadithi yake iliyo maarufu kuliko zote ilianza kama barua yenye picha kwa mtoto aliyekuwa mgonjwa, mnamo Septemba 1893, na kitabu chenyewe kikatolewa na kampuni ya London mwaka wa 1902. Humo kuna jambo moja ninalolipenda sana: sungura anapofukuzwa na kupoteza viatu vyake, anashuka chini, anakimbia kwa miguu minne, na mwendo unaongezeka. Nguo zilikuwa juu ya sungura wa kweli, kwa hiyo zilipotoka sungura alibaki.

Mwalimu wa Kayole:

Nimesoma maelezo ya Mzee wa Wino kwa makini na ninayaheshimu, lakini ningependa kuongeza jambo, na mahali pamoja tutofautiane kidogo.

Ninafundisha Gredi ya 2, na ukutani mwa darasa nimebandika michoro ya wanyama niliyoichora mwenyewe. Watoto hawapimi mifupa. Wao hutazama macho kwanza, halafu hutafuta mnyama anatazama nini. Nilichora punda anayevuta mkokoteni wenye mitungi ya maji ya lita 20, kama wale wanaopita mbele ya shule yetu kila asubuhi, na kwa wiki nzima hakuna aliyemjali. Kisha nikafuta mboni za macho yake, nikazichora upya zikitazama nyuma kwa pembeni, ambako mtungi mmoja ulikuwa unadondosha maji. Asubuhi iliyofuata watoto walijaa mbele ya picha. Mmoja alisema punda anahesabu matone. Mwingine alisema hapana, anaogopa kwamba mwenye maji atadhani yeye ndiye aliyeyanywa. Miguu ya punda yule nilikuwa nimeikosea kabisa, na hadi leo haijamsumbua mtoto yeyote.

Kwa hiyo Mama, usisubiri uijue mifupa yote ndipo uchore vituko. Jifunze viwili hivyo pamoja. Ila kwa macho ninamuunga mkono Mzee: yatazame ya kweli. Mboni ya mbuzi imelala kama mstari wa mlalo, na hata akiinamisha kichwa kula, jicho huzunguka ili mstari ule ubaki sambamba na ardhi. Mboni ya paka husimama wima jua likiwa kali. Ukimchorea mbuzi mboni ya duara, umempa macho ya mtu, na hiyo huenda ndiyo sehemu ya kinyago anachokiona binti yako.

Jambo la mwisho ni kwamba watoto wetu wanamfahamu fisi tangu kabla hawajajua kusoma. Katika ngano zetu yeye ni mlafi, na sungura ni mjanja. Kwa hivyo unapompa fisi kazi ya kukusanya nauli, mtoto tayari ana wasiwasi na nauli hiyo kabla hujaandika neno. Utumie wasiwasi huo. Kama ungemweka twiga mlangoni pale, ungekuwa na picha ya shingo ndefu basi.

Brashi Moja:

Nitasema machache kuhusu vifaa, kwa kuwa hapo ndipo nilipopoteza michoro mingi. Kama unapaka rangi za maji juu ya mistari ya kalamu, jaribu kwanza wino huo kwenye kipande cha karatasi: chora mstari, subiri ukauke, pitisha brashi yenye maji. Ukitiririka, paka rangi kwanza na uchore mistari baadaye. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ya gramu 80, hujikunja ikilowa. Tafuta ya gramu 200 au zaidi kwa kazi unayotaka kuihifadhi, na ile nyepesi itumie kwa mazoezi bila kuihurumia.

Ukiwa safarini, beba daftari dogo na penseli ya 2B pekee. Mnyama hatakaa kukusubiri, kwa hiyo chora umbo lake lote kwa mistari mitano au sita, ugeuze ukurasa, uanze tena. Kima wa City Park wamenipa kurasa zenye mikia tu, na mikia hiyo nimeitumia mara nyingi sana.

Usihofu uchache wa rangi pia. Edward Saidi Tingatinga alipoanza uchoraji wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia mbao nyembamba za kujengea na rangi ya baiskeli, na chui wake bado wanatutazama.

Penseli ya Umoja:

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mlichoniambia.

Jumamosi tulipanda matatu hadi karibu na Uwanja wa Nyayo, tukasimama na daftari kwa muda wa saa moja na nusu. Binti yangu alichora soksi za korongo peke yake, jozi nne, bila korongo. Mimi nilijaza kurasa kumi na moja, nyingi zikiwa na mgongo na mdomo tu, kwa kuwa kila nilipofika miguuni ndege alikuwa ameshageuka. Mzee, ni kweli kuhusu koti. Mmoja alitua juu ya nguzo ya taa, akazikunja mbawa zake polepole, upande mmoja kisha wa pili, kama mtu anayeweka sawa koti lake kabla ya kuketi mbele za watu. Sikuwa na haja ya kumwongezea hata kofia.

Nyumbani nilimrudia fisi. Nilimchora uchi kwanza, mgongo umeteremka, kisigino mahali pake, kisha nikamvalisha ile sare. Shati halikumtosha shingoni, nami nikaliacha hivyo. Macho niliyaelekeza pembeni, kwa abiria anayetafuta pesa mfukoni. Binti yangu alifunika kichwa kwa kidole gumba, akakaa kimya, akafunika na mkia pia, ndipo akasema, "Bado ni fisi."

Limebaki jambo moja ambalo silijui. Zile noti zilizokunjwa kwa urefu sitaki kuziacha, maana kondakta wa Nairobi bila noti vidoleni hajakamilika. Lakini fisi ana makucha mafupi na vidole visivyoweza kushika kitu namna hiyo. Kila nikimpa vidole virefu, mkono unarudi kuwa wa mtu.

Mzee wa Wino:

Usimpe vidole. Jiulize fisi wa kweli hubeba kitu kwa nini. Hubeba kwa mdomo, na taya lake huvunja mfupa mkubwa. Mpe noti zote mdomoni, zimepangwa vizuri katikati ya meno, na nyayo zake mbili ziwe huru kushika chuma cha mlango.

Penseli ya Umoja:

Nimemaliza sasa hivi, na rangi haijakauka. Noti ni tano, za mia mia, na moja imepinda kidogo kwenye jino la mbele. Binti yangu ameinama juu ya meza, pua yake karibu iguse karatasi, na amemwonyesha kwa kidole yule abiria wa dirishani, kondoo mwenye kikapu. Anataka kujua kondoo huyo ataombaje chenji yake.

Mwalimu wa Kayole:

Mama, tafadhali ukurasa wa pili uwe huo.