Ushauri jamani: mbwa hatulii hata dakika na mie mfuko umetoboka

Mkaa_Pwani (Jumatatu usiku)
Asalam alaykum jamani, na wasiokuwa Waislamu khabari za saa hizi. Naombeni ushauri wa haraka, n'na mbwa ananishinda. Ni ile mbegu inaitwa Malinois, dume, ana mwaka na miezi mitatu hivi. Si wangu wa kununua, wa bosi wangu, mie ni mtunza bustani na mlinzi wa nyumba yake hapa Jambiani, bosi kenda kwao tangu mwezi wa tatu kaniachia funguo na mbwa. Pesa ya chakula alileta mara mbili halafu kimya, sasa namlisha kwa mfuko wangu, nikijibana sana napata elfu arubaini kwa mwezi na mie n'na mke na watoto wawili.

Tabu yenyewe hatulii. Kachimba uwa mzima, kala ndara za watu, kavunja uzio wa makuti mara tatu, na kuku wa jirani ndo usiseme. Nilikuwa nampeleka pwani alfajiri saa nzima tunakimbia, mie narudi hoi, yeye akifika anazunguka nyumba kama ndo kwanza kaamka. Sasa nimemfunga mnyororo kwenye mnazi usiku na mchana na kazidi, anabweka mpaka sauti inamkauka.

Nataka kujua mawili tu, nimfundishe vipi atulie bila ya kutumia pesa, na jee, ni vyema nimpe mtu wa shamba anaejua mbwa? Nataka niwe nshaamua kabla ya Ijumaa.

Sharifu_Mtoni
Waalaykum salaam. Ndugu yangu kabla ya mafunzo jiulize sala zako zinakwendaje. Sisi madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Unamlisha, unamkimbiza, jasho na mate nguo nzima. Mrudishie mwenyewe amana yake.

Pemba_Flani
Mrudishie wapi sharifu, Ulaya? Amtie kwenye bahasha 😂

Bwejuu_Kwetu
Sharifu nakuheshimu lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda karuhusiwa, na Suratul Maida aya ya 4 inazungumzia hao wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Waliofundishwa! Kwa hivyo kumfundisha si jambo geni kwenye dini. Wenzetu wa madhehebu ya Maliki hata hiyo najisi hawaihesabu kama sie. Kijana kauliza mafunzo, tumjibu mafunzo.

Mzee_wa_Kirumba
Mkuu pole sana. Mimi niko Mwanza nilikuwa na mbwa wa kawaida tu koko, jina lake Polisi, huyo mbwa alikuwa na akili kuliko watu wengine, nikitoka kazini ananisubiri pale njia panda, siku moja mvua imenyesha kweli kweli nikachelewa mpaka saa tano usiku nikamkuta palepale ameloa anatetemeka. Alikufa kwa sumu ya jirani. Mpaka leo sijafuga tena. Usimtupe huyo mbwa mkuu.

MamaMwani
Mie nasema yangu. Mwaka juzi mbwa wa hoteli moja huku kwetu (siitaji) alikuwa anaachiwa pwani maji yakipwa, anakimbilia kwenye mashamba yetu ya mwani, anang'oa vigingi, anajiviringisha kwenye kamba, mwani wa wiki nne unakwenda na maji. Tulilalamika tukaambiwa mbwa anacheza. Anacheza kwenye kazi yangu? Nyinyi mnaokwenda kukimbiza mbwa alfajiri tazameni maji yako vipi, bamvua ikipwa sisi tupo huko tunafanya kazi. Kijana unampitisha wapi huyo wako?

Mkaa_Pwani
Mama mie napita upande wa juu kwenye mchanga mkavu, kwenye kamba za watu siingii wallahi. Jamani bado sijajibiwa, afundishwe vipi?

BwanaMifugo_Mstaafu
Nimekaa na wanyama miaka thelathini na kitu, ng'ombe zaidi, lakini mbwa nawajua. Kijana soma polepole.

Hiyo mbegu imetoka Ubelgiji, ni mbwa wa kuchunga kondoo, siku hizi polisi na majeshi wanamtumia. Ameumbwa afanye kazi kutwa. Ukimkimbiza saa nzima hajachoka, umemjenga pumzi, mwezi ujao atataka saa mbili. Na ukimfunga mnyororo kutwa nguvu zote zinamrudi kichwani, ndo hizo kelele na kurarua. Wa namna hii anachoshwa akili na pua.

Chakula usimwekee kwenye bakuli. Hicho hicho ulichonacho, wali wa ukoko, dagaa, ndo mshahara wake, akifanya kitu analipwa chembe. Dagaa wakavu waroweke kwanza umwage maji, chumvi nyingi haimfai. Mapupu na vichwa vya samaki chemsha utoe miba. Vitunguu usimtilie, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vikali.

Asubuhi kabla jua halijapanda, mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema, jua letu litamuua. Tawanya dagaa kwenye makumbi ya nazi au majani makavu atafute kwa pua, dakika ishirini za kunusa zinamchosha kuliko unavyodhani. Halafu dakika tano za mafunzo, usizidishe, mara tatu nne kwa siku. Anza na mkeka mkuukuu. Akiukanyaga, mpe. Akiulalia, mpe. Akikaa umehesabu kumi, mpe, kesho hesabu ishirini. Huo mkeka ndo utakuwa mahala pake pa kutulia mgeni akija. Kuitwa mfundishe kwa kamba ndefu ya mita kumi, ya usumba au ya nailoni ya wavuvi, mnyororo si wa kufundishia. Akija usimpige hata kama alichelewa, akipigwa siku moja kwa kuja hatokuja tena.

Sasa mie n'na masuala. Mnyororo umemfunga tangu lini? Na kwa nini Ijumaa?

Mkaa_Pwani
Ahsante sana mzee, hayo ya mkeka kesho naanza inshaallah. Mnyororo nimemfunga tangu Jumamosi. Ijumaa ni kwa sababu kuna mtu atakuja kumchukua kama nikikubali, msasi wa huko kusini, anawinda nguruwe pori na wenzake, kasema mbwa kama huyu atapata kazi ya kutosha. Si ndo ulivyosema mzee, anataka kazi?

BwanaMifugo_Mstaafu
Jumamosi kulitokea nini?

Mkaa_Pwani
Hakujatokea kitu kikubwa, alivunja uzio tu.

Dada_Michenzani
Mbona unajibu nusu nusu kaka. Uzio kavunja mara tatu hukumfunga, mara ya nne umfunge usiku na mchana na utafute mtu wa kumchukua haraka? Kafanya nini huyo mbwa?

Mkaa_Pwani (Jumanne asubuhi)
Haya nasema. Jumamosi jioni alitoka, watoto walikuwa wanatoka chuoni wanakimbia, akamkimbilia mmoja akamng'ata shavu la mguu. Si vibaya, meno mawili yameingia kidogo. Mtoto wa jirani, ana miaka saba. Nilimsafisha nikampaka manjano na mafuta ya nazi nikamfunga kitambaa, kidonda kinakauka. Nikamwambia akiulizwa aseme kajikwaa kwenye mawe. Nimefanya hivyo kwa sababu kijijini wakijua watampiga mbwa mawe wamuue, na mie kazi sina tena, na watasema nafuga najisi inang'ata watoto. Mbwa hana maradhi, anakula vizuri tu. Ndo maana nataka aondoke kimya kimya, na huyo msasi nshapokea elfu hamsini ya kutangulizia. Naombeni msinihukumu.

Dada_Michenzani
Ya Rabbi.

BwanaMifugo_Mstaafu
Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iko wapi? Ilipigwa lini?

Mkaa_Pwani
Kadi sina. Bosi alisema alichanjwa Arusha alipokuwa mdogo. Hapa hajachanjwa.

BwanaMifugo_Mstaafu
Basi weka chini mambo ya mkeka. Sasa hivi, si jioni, nenda kwa mama wa mtoto ukamwambie ukweli. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, hata kama kimekauka, hayo manjano yatoke. Halafu mtoto apelekwe spitali ya Makunduchi leo, wakikosa chanjo watawaelekeza Mnazi Mmoja. Chanjo inapigwa zaidi ya mara moja, kwa siku watakazopanga, asiruke hata moja. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna dawa, mtu hufa. Kabla ya dalili chanjo inamuokoa. Mtoto kanyamaza kwa sababu wewe umemnyamazisha, si kwa sababu haumwi.

Na mbwa haondoki kwenda popote. Aliyeng'ata anatazamwa siku kumi tangu siku aliyong'ata, akiwa hai na mzima siku ya kumi basi siku ile alipong'ata mate yake hayakuwa na virusi. Ukimpa msasi Ijumaa umeiharibu hiyo njia ya kujua, na umepeleka khatari kwa mtu mwengine na mbwa wake wote.

Mkaa_Pwani
Mzee nimekufahamu lakini pesa ya msasi nshanunulia mchele. Na mbwa mzima kabisa, nikisubiri siku kumi mnyororoni atakuwa mkali zaidi. Na mama yake mtoto ni shemegi yangu, mie naishi kwenye uwa wao. Sijui kama mnafahamu uzito wake.

Fundi_Kibandamaiti
Samahanini lakini hii ni chai. Jana mbwa wa bosi na tabu ni uzio. Leo kuna mtoto, kuna chuo, kuna msasi, kuna shemegi, kesho atatwambia mbwa kaokota dhahabu. Alisema "jirani" sasa ni shemegi. Alisema anaishi nyumba ya bosi sasa anaishi uwa wa shemegi. Tumeshaletewa visa vya kutungwa humu, watu wanalia, halafu mwenye kisa anacheka pembeni. Mkaa_Pwani tupe picha ya mnyororo tu.

Pemba_Flani
Leteni na vitumbua, chai bila kitafunio haishuki 😂

Mzee_wa_Kirumba
Kweli hata mimi nilianza kushangaa. Ila Polisi wangu si chai, nisieleweke vibaya.

MamaMwani
Nyie wanaume mnacheka nini? Haya tuseme katunga. Tukiamini tumepoteza nini, maneno? Tusipoamini na mtoto yupo kweli jee? Mie jirani yangu alipokuwa msichana aling'atwa na mbwa wa kupita, wakampaka majivu wakamfunga jani. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuogopa maji. Maji ya kunywa kwenye kata anapiga ukelele. Nilikuwa mdogo nachungulia dirishani, na ule ukelele nausikia mpaka leo nikiteka maji. Kijana mie sikujui, lakini kama huyo mtoto yupo mchukue sasa hivi, nauli kama huna sema.

Msasi_Muyuni
Mie si huyo alokupa hamsini, lakini msasi nimo. Nakwambia kitu. Sisi mbwa wetu hufunzwa tangu wadogo na wenzao, huko maweni kuna mawe makali na nguruwe ana meno, mbwa wa bustanini ukimleta siku ya kwanza atararuliwa, na wa mbio kama huyo atapotea mbali akifukuza kitu kisichoruhusiwa, paa nunga hawindwi, ni mnyama analindwa, sitaki kesi. Huyo mwenzangu mwambie mbwa kang'ata mtu. Msasi wa kweli akisikia hivyo hatokudai pesa kwa hasira, atakushukuru. Akikudai mlipe kidogo kidogo. Na mbwa si wako, ungeuzaje?

Mkaa_Pwani
Fundi situngi, naapa. Naishi nyumba ya uani ya bosi, imepakana uwa mmoja na kina shemegi, ndo nikasema jirani. Nilisema jirani makusudi, nilikuwa naona haya. Picha siweki, watu wa hapa watanijua. Natoka kwenda kwa mama yake.

Fundi_Kibandamaiti
Haya. Kama ni kweli nisamehe na Mungu akuwekee wepesi. Nikirudishwa nyuma ningeuliza tena lakini.

Dada_Michenzani
Kaka ukirudi tujulishe. Na mtoto mwambie si kosa lake.

Mkaa_Pwani (Ijumaa, baada ya sala)
Nimerudi, samahanini nilikuwa sina bando. Nilimwambia mama yake palepale Jumanne. Sitoandika alivyosema, n'nastahiki. Tulikwenda spitali na gari ya jirani, mtoto kaoshwa upya kapigwa ya kwanza, na leo kapigwa ya pili, tumeandikiwa tarehe za mbele. Kanambia njiani, "Ami nisije nikasema uongo tena?" Nikamwambia asiseme.

Bosi nimempigia, hakupokea siku mbili, nikamuandikia kila kitu, jana kajibu, katuma pesa ya mwezi na kasema mbwa asipewe mtu. Msasi nimempa ishirini, thelathini kakubali mwezi ujao. Kijijini washajua, wawili walikuja na magongo, shemegi ndo aliowazuia mlangoni, yeye ndo alisema anatakiwa awe hai tumtazame.

Mnyororo nimeutoa, nimemjengea banda la mabanzi nyuma ya jiko lenye komeo, hatoki. Mzee, mkeka anaukaa mpaka nahesabu arubaini, nampa kwa kijiti kupitia tundu siingizi mkono. Dagaa nawatawanya kwenye makumbi, ananusa mpaka analala mwenyewe mchana, sikuwahi kumuona kalala mchana. Baadhi ya nyuzi za kumbi anatafuna, ni sawa?

BwanaMifugo_Mstaafu
Kutafuna sawa, kumeza si sawa, ukiona anameza mnyang'anye umpe kifuu kitupu. Chanjo yake mwenyewe tutapanga siku kumi zikipita, uliza ofisi ya mifugo ya wilaya. Siku ya ngapi leo?

Mkaa_Pwani
Ya sita. Asubuhi kala, kanywa maji kibakuli kizima.