Mzungu kumtungia Krishna muziki wa filimbi: heshima au wizi?

Wakuu habari za humu. Kuna hoja nakutana nayo kila tukiongelea filimbi, kwamba Mzungu akitunga muziki kuhusu miungu ya Wahindu huo ni wizi na usipigwe kabisa. Mimi nabisha, ila sibishi yote.

Chukueni Albert Roussel, Mfaransa, zamani alikuwa afisa wa jeshi la majini, mwaka 1909 akaenda India na mkewe, halafu 1924 akatunga vipande vinne vya filimbi na piano na kila kimoja kina jina la mpuliza filimbi: Pan mungu wa Wagiriki wa kale, Tityre mchungaji wa kwenye mashairi ya Kirumi, Krishna, na Monsieur de la Péjaudie ambaye ni mtu wa kwenye riwaya. Hapo kwa Krishna hakubahatisha, katumia raga Shri (raga ni mpangilio wa sauti ambao muziki wa Kihindi hujengwa juu yake), ile ambayo kwao hupigwa jua likizama. Mtu kahangaika mpaka kwenye raga yenyewe, mwizi gani huyo?

Kinachoniuma ni kingine. Pan leo nani anamwomba? Krishna anaombwa kila siku. Yule mchunga ng'ombe wa Vrindavan anayepuliza mwanzi kando ya mto Yamuna mpaka wanawake wanaacha maziwa jikoni wanamkimbilia, kwa mamilioni ya watu hiyo siyo hekaya, ni dini yao, halafu unampanga foleni moja na mtu wa riwaya. Ningekuwa Mhindu ningeumia kweli.

Na sauti sasa. Mimi napuliza filimbi ya chuma, yenye vibonyezo, nota inaruka kwenda nyingine. Bansuri, filimbi ya Kihindi, ni mwanzi mtupu, kidole kinateleza kwenye tundu taratibu na sauti inapanda kama mtu anayeanza kulia, ukijaribu kwa vibonyezo haitoki vile. Tena piano inabadilisha kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) huko chini wakati raga inataka tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi, ishikilie sauti ileile mwanzo mwisho.

Mnaosema mila isiguswe, Pannalal Ghosh, mpuliza bansuri maarufu wa India, mwenyewe aliirefusha bansuri ikafika kama inchi 32 ili iweze kubeba raga nzito. Najua mtasema yule ni wa kwao, sawa.

Msimamo wangu: kipande cha Krishna kipigwe, ila jioni hiyohiyo aitwe mpuliza bansuri apige Shri kamili, na alipwe sawa na yule wa filimbi ya chuma. Anayetaka marufuku anijibu hili, muumini wa Krishna akitaka kukipiga hicho kipande cha Roussel, naye tumkataze?