Mjuaji wetu kaliziba daraja la mawe kwa saruji, halafu anauliza limependeza!

Tao_la_Kale:
Wakuu, salamu baadaye, nina hasira. Yule mjuaji wetu, simtaji, mnamjua, kila penye jengo la kale lazima ajitokeze kutufundisha, leo kabeba ndoo ya saruji mpaka kwenye daraja la mawe. Kaziba viungo vyote. Vyote! Nafika namkuta anajifuta mikono kwenye suruali, kanigeukia: "Limependeza, eeh?"

LIMEPENDEZA!

Waliolijenga wakisikia watafufuka waje na nyundo. Saruji imemwagikia mpaka usoni pa mawe, na chini ya tao kuna alama ya kidole gumba chake imebaki humohumo. Kasaini kabisa. Vizazi vijavyo vitadhani ni nakshi.

Chokaa ilimkosea nini? Chokaa ni laini, inapitisha unyevu, tao likijongea kidogo nayo inajongea. Saruji ni ngumu mno: maji yakiingia hayapati pa kutokea, yanapitia kwenye jiwe lenyewe, chumvi inabaki, uso wa jiwe unabanduka vipande. Mwisho saruji inabaki imejitokeza nje na jiwe limelika. Nikamwambia. Jibu lake? "Bila saruji litaanguka." Pont du Gard kule Ufaransa, Warumi wameijenga karne ya 1, mawe mengine yana tani 6, yamekaliana kwa uzito wao bila hata chokaa. Bado ipo. Inamsubiri yeye na ndoo.

Na wala siongelei saruji. Naongelea ile sura. Kichwa kakiinamisha pembeni kama bibi harusi, "Limependeza, eeh?" Mods msiufute huu uzi.

Kipara_Huru:
Povu lote hili kwa ndoo moja? Kunywa maji mkuu. Ila sio ya mtoni.

Fundi_Mstaafu:
Mleta uzi yuko sahihi. Mostar kule Bosnia, lile daraja la 1566 lililoangushwa kwa mizinga 1993, walipolijenga upya walirudia jiwe la kwao lilelile, likafunguliwa 2004. Kazi ya kale inafuatwa, haibuniwi. Ila swali: ndoo nzima inakwisha, wewe ulikuwa wapi?

Tao_la_Kale:
NILIKUTA KAMALIZA. Soma uzi mzee wangu.

Kipara_Huru:
Alichelewa akichagua maneno ya kulalamikia 😂

Binti_Nguzo:
Nyie mnalilia viungo, muuaji ni mto. Maji yanakomba udongo chini ya nguzo, juu watu wanapiga picha. Plaka kule Ugiriki, daraja la 1866, mafuriko ya 2015 yaliliangusha. Wachina walijua mapema: Li Chun kwenye daraja la Zhaozhou, mwanzoni mwa karne ya 7, akatoboa vitao vidogo mabegani mwa tao kubwa ili mafuriko yapite. Sijawahi kumsikia mtu humu akilia kwa ajili ya msingi. Kazi yenu rangi tu.

Adui_wa_Kufuli:
Kero halisi ni wapenzi na kufuli zao wanazofunga kwenye kingo za madaraja. Paris 2014 kipande cha ukingo wa Pont des Arts kilianguka kwa uzito wa kufuli. Mapenzi gani hayo ya kuangusha daraja?

Fundi_Mstaafu:
Hilo la chuma. Uzi ni wa mawe.

Adui_wa_Kufuli:
Kufuli ni kufuli.

Mkalia_Ukingo:
Mimi nimechoka na waongoza watalii. Ulaya huko kila daraja la mawe eti kajenga shetani, malipo yake roho ya kwanza kuvuka, wanakijiji wakamvusha mbwa. Ukienda daraja jingine ni paka. La tatu jogoo. Si waelewane?

Binti_Nguzo:
Na Prague wanakwambia chokaa ya Daraja la Charles, lililoanzwa 1357, ilikorogwa na mayai.

Kipara_Huru:
Yule mjuaji angeyakaanga.

Tao_la_Kale:
Asante! Turudi kwenye mada. Kanitazama usoni, wakuu, USONI, eti limepende

Mkalia_Ukingo:
Subiri mkuu. Huyo paka alivushwa kwa hiari yake au alisukumwa?

Binti_Nguzo:
Alirushiwa samaki ng'ambo.

Adui_wa_Kufuli:
Paka angalau hakuacha kufuli.