Wauza virutubisho vya haidroponiki Arusha, andikeni kilichomo ndani ya chupa!

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Sisi tunaolima kwa haidroponiki, yaani bila udongo, kwa maji yenye virutubisho, hapa Arusha, pamoja na wenzetu wa Moshi ninaowasiliana nao, tumegeuzwa shamba la bibi na watu wanaotuuzia maji ya rangi katika chupa zisizoeleza kilichomo, na mimea inapodhoofika huwa wepesi wa kutuambia kwamba hatujui kulima.

Ninalima letusi na mrehani ndani ya chumba, chini ya taa, huko Njiro, na wateja wangu ni hoteli ambazo hazipokei jani lenye kingo zilizoungua. Chupa ninayoilalamikia niliinunua katika duka la pembejeo la hapa mjini, nami sitalitaja jina, kwa kuwa mwenyewe anasoma humu na atajitambua. Lebo ina picha ya nyanya, jina la kujisifu na maelekezo ya kuweka mililita 10 katika kila lita ya maji. Hakuna asilimia ya nitrojeni, fosforasi wala potasiamu, kalsiamu haikutajwa, na kuhusu chuma hakuna hata neno moja. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba hiyo ni siri ya kampuni. Siri ipi? Hoagland na Arnon wa Chuo Kikuu cha California walichapisha waziwazi fomula ya kulisha mimea bila udongo mwaka 1938, ikarekebishwa mwaka 1950, na hadi leo watafiti wanaitumia bila kumwomba mtu ruhusa.

Ubaya wa chupa hiyo unaonekana kwa macho. Chini yake pameganda mashapo meupe, magumu, ambayo hayayeyuki hata ukiitikisa mpaka mkono uchoke. Kalsiamu ikiwekwa katika mchanganyiko mzito pamoja na salfati, kama ile ya magnesiamu, huungana nayo ikawa jasi, jasi ile ile inayochimbwa Makanya wilayani Same. Na ikikutana na fosfati katika hali hiyo, nayo huganda vilevile. Ndiyo maana virutubisho vizito huuzwa katika vyombo viwili, A na B, cha kwanza kikiwa na nitrati ya kalsiamu na mara nyingi chuma, cha pili kikiwa na salfati na fosfati, na viwili hivyo hukutana ndani ya tangi tu, baada ya kila kimoja kuzimuliwa kwa maji mengi. Wapo watengenezaji wenye ustadi wa kuviweka pamoja, sikatai, lakini chupa zao hazina jasi chini. Hii yetu inauzwa ikiwa tayari imekwisha kuharibika: kalsiamu niliyoilipia imelala kwenye kitako cha chupa, na kinachofika kwenye mizizi hakuna ajuaye ni nini.

Sasa njoo kwenye ushauri, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Ukirudi dukani na jani lililoungua kingo, unaambiwa uongeze dozi. Kingo za majani machanga ya letusi huungua kwa sababu kalsiamu haiyafikii, nayo husafirishwa na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi. Ukizidisha chumvi ndani ya tangi, mizizi hupata shida zaidi kuvuta maji, na kalsiamu ile ndogo iliyokuwa ikipanda hupungua tena. Ukirudi na majani machanga yaliyogeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, jibu ni lile lile, ongeza dozi, ilhali hiyo ni dalili ya kukosa chuma, na mara nyingi chuma kimo ndani ya maji lakini mmea hauwezi kukichukua kwa sababu pH ya maji (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi ikipungua) imepanda kupita 6.5. Hakuna hata siku moja muuzaji aliyeniuliza maji yangu yanatoka wapi! Maji ya chini ya ardhi ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana bikaboneti na sodiamu kwa wingi (floridi inayotuachia meno ya kahawia ni kilio kingine), na bikaboneti hiyo huirudisha pH juu kila unapoishusha. Dawa waliyonipa ni kukamua malimao. Asidi ya limao huliwa na bakteria ndani ya tangi, na baada ya muda mfupi pH inarudi ilikokuwa, wakati asidi ya fosforiki au ya nitriki, ikipimwa vizuri na kushikwa kwa tahadhari, ingeimaliza bikaboneti yenyewe.

Muuzaji mwingine, alipobanwa, alisema nitrojeni yake inatokana na urea. Shambani urea haina ubaya, kwa kuwa vijidudu vya udongo huigeuza. Katika mabomba safi yasiyo na udongo kazi hiyo huenda polepole mno, na baya zaidi ni kwamba kipimo cha EC, kinachokadiria chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, hakiioni urea kabisa, kwa sababu haina chaji ya umeme. Mkulima anasoma namba ndogo, anadhani tangi lina njaa, anaongeza. Na hizo namba zenyewe wanazitaja ovyo: unaambiwa letusi ifikishwe 1,200 kwenye kipimo cha TDS (makadirio ya chumvi zilizoyeyuka, yanayopatikana kwa kuizidisha EC), bila kuambiwa kama kipimo hicho kinazidisha kwa 500 au kwa 700. Kwa kimoja hiyo ni EC ya 2.4, kikali mno kwa letusi. Kwa kingine ni kama 1.7, ambayo letusi iliyokwisha kukua inaweza kuivumilia.

Tunayo Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 na tunayo TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, na mbolea inatakiwa isajiliwe kabla ya kuuzwa. Mbolea ya maji nayo ni mbolea. Kuiita busta hakuiondoi kwenye sheria. Kwa hiyo ninamtaka mwenye duka ajibu hapa hapa, mbele ya wateja wake: namba ya usajili ni ipi, asilimia ya kila kirutubisho ni ngapi, na chuma kilichomo kimefungwa na kemikali gani ya kukizuia kisigande, EDTA au DTPA. Akishindwa, arudishe fedha za watu.

Kwa wengine, naomba msaada. Mwenye kujua ni duka gani la Arusha au Moshi linalouza nitrati ya kalsiamu inayoyeyuka, kwa kilo, ikiwa katika mfuko wake wa asili wenye maandishi, anielekeze. Tafadhali asinitume kwenye CAN, ile mbolea ya shambani ya nitrati ya amonia iliyochanganywa na chokaa. Nimeshapewa CAN mara nyingi nikiambiwa ni kitu kile kile, na chokaa yake haiyeyuki, huku nusu ya nitrojeni yake ikiwa amonia.