Wewe dereva uliyempigia mondo mlango kule kreta, Mungu anakuona

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa hoteli. Nimetoka Ngorongoro jana jioni na hadi sasa nachemka. Simtaji jina. Mnamjua wote. Yule mwenye Land Cruiser la stika kila mahali, anaendesha kama amebeba mgonjwa mahututi.

Mzee wangu kafundisha sayansi Singida miaka 31. Kila mwaka anamchora mondo, yule paka mwitu wa madoadoa, ubaoni kwa chaki, masikio makubwa kama miko, na hajawahi kumwona hata siku moja. Tukajichanga ndugu wanne. Kijana aliyetuendesha ni mstaarabu, akatueleza mapema: mondo hatafutwi saa saba mchana. Unashuka geti likifunguliwa tu, saa 12 asubuhi, ukungu bado umelalia majani, unaambaa polepole kwenye nyasi za karibu na maji, maana huko ndiko kwenye panya na vyura. Usihangaike kutafuta mwili. Tafuta ncha za masikio.

Tukazima injini karibu na kinamasi cha Gorigor. Dakika 40 kimya, mzee na shuka lake mabegani, darubini machoni. Mara masikio mawili! Meusi kwa nyuma, kila moja na doa jeupe. Mondo anawinda kwa kusikia, jamani, panya akitambaa chini ya majani yeye anamsikia. Akasimama, mguu mmoja wa mbele kaukunja hewani, sikio hili linageukia huku, lile kule. Hapo alikuwa anajipanga kuruka, aende juu hata mita mbili, atue na miguu ya mbele juu ya panya. Mzee akanishika mkono.

PA! PA! PA!

Limekuja gari breki zinalia, na yule bwana anapiga mlango kwa kiganja ili mondo ageuke wageni wake wapate picha. Mlango! Kwa mnyama anayewinda kwa masikio! Ile PA PA PA waliisikia hadi Karatu, viboko walizama wakidhani kiyama. Mondo akazama kwenye majani, basi. Tulisubiri saa nzima, hakurudi.

Na bado. Jamaa akachungulia dirishani, akamwambia mzee wangu: "Paka tu huyo, twendeni kwenye simba." Paka tu! Mzee hakujibu. Alifuta vioo vya darubini kwa pindo la shati, akaviweka tena machoni, akawa anatazama majani matupu.

Nauliza, mlango unampigia nini?

Nyasi_Fupi: Kula tano mkuu. Huyo huyo Seronera, kule Serengeti, tulimkuta chini ya mti wa mwegea, chui kalala tawini mkia unaning'inia, yeye anapiga miluzi. Magari 20, mpiga miluzi mmoja.

KobeMtaratibu: Miaka 31 ya chaki kwa ajili ya paka? Mlete mzee Mbagala, ninao saba, ukikwaruza sufuria wanakuja wenyewe.

Mleta mada: Mkuu mzee wangu usimtanie. Alishainua mguu yule mondo! Bado sekunde moja tu!

Mtu_wa_Ndutu: Pole. Akipata nafasi mpeleke Ndutu, kusini mwa Serengeti, Januari hadi Machi, nyasi fupi, duma hawana pa kujificha. Na simbamangu wapo, ila huyo omba dua, mimi mwaka wa sita namwona mgongo tu akiondoka.

KobeMtaratibu: Simbamangu ndiyo nini tena, simba wa Mangu?

DadaWaKilosa: Simbamangu ni paka mwitu mwenye vishungi masikioni. Ila nyie mnalilia mlango. Sisi Mikumi barabara kuu inakatiza hifadhi kama kilomita 50, mabasi yanapita usiku hayamjui mnyama wala matuta. Mondo nimemwona mara moja maishani, pembeni ya lami, masikio yale yale, hapumui.

Nyasi_Fupi: Daah.

Abiria_Sugu: Dada mabasi usiniambie, wiki iliyopita nililipia siti ya dirishani nikawekwa kwenye ndoo.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada, alipiga mlango kwa kiganja, mara tatu.

Abiria_Sugu: Ndoo yenyewe ina dagaa.

MpishiWaMoshi: Na yale maboksi ya chakula cha mchana je? Kuku mkavu, yai, juisi ya moto. Nikatoka nje pale Ngoitokitok, pa kupumzikia mle kreta, nile kwa raha, mwewe kashuka kaondoka na paja.

DadaWaKilosa: Pale watu wanakula ndani ya gari, vioo juu.

MpishiWaMoshi: Kidole kina alama hadi leo.

Mtu_wa_Ndutu: Mimi sambusa mbili, mwewe huyo huyo nadhani.