Kumpima mtia nia wa urais: umati, mtandao au kukubalika vikaoni?

Mkazi wa Cheyo
Ndugu zangu wa Tabora, kila chama kinapokaribia kuteua mgombea urais, vijiwe vyetu vya kahawa hujaa majina, na karibu kila jina hutajwa kwa uzito uleule. Mwaka 2015 makada 42 wa CCM walichukua fomu na 38 wakazirudisha. Sidhani kama wote waliutaka urais. Wapo waliotafuta uwaziri, na wapo waliotaka tu kukumbukwa jimboni. Naomba tulinganishe vipimo vitatu vya kumtambua mtia nia wa kweli, navyo ni umati unaomlaki, mtandao alioujenga ndani ya chama, na kukubalika kwake katika vikao vya mchujo. Mimi naegemea umati, kwa kuwa ndicho kipimo pekee ambacho mwananchi wa kawaida hukiona kwa macho yake bila kusimuliwa.

Mzee wa Isevya
Mwanangu, hicho ndicho kilichotudanganya kuliko vyote. Edward Lowassa alipotangaza nia jijini Arusha, Mei 2015, uwanja ulifurika, na alikopita kusaka wadhamini watu walijipanga kwa maelfu, ilhali masharti yalidai wadhamini 450 tu kutoka mikoa 15, yaani thelathini kwa mkoa. Jina lake halikufika hata tano bora, yaani majina matano yaliyopitishwa na Kamati Kuu ya CCM.

Mwaka huohuo nilikuwapo kwenye tawi moja hapa mjini siku alipofika mtia nia mwingine, nisiyependa kumtaja, akiwa na gari moja. Meza iliwekwa chini ya mwembe, na katibu alikagua kadi moja baada ya nyingine kuona kama ada imelipwa. Mbili alizirudisha, wenyewe wakaondoka wakinung'unika. Hapakuwa na ngoma wala msafara wa pikipiki, na kabla ya adhuhuri mgeni alikuwa amepata saini zake thelathini. Tulimcheka. Kweli hakufika mbali, lakini waliomkata hawakuhesabu pikipiki.

Binti wa Urambo
Shikamoo, mzee wangu. Nakubaliana nawe kuhusu umati, ila tusiudharau mtandao. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete aliingia Mkutano Mkuu wa CCM akiwa na kundi lililokuwa likijipanga kwa miaka kumi, akapata kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Salim alikuwa amewahi kuwa Waziri Mkuu na kuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kwa wasifu pekee, hakuna aliyemkaribia. Hata sisi wa Urambo tulijifunza hilo mwaka 2015, pale Samuel Sitta, Spika wa zamani na mtu wa kwetu, alipokatwa mapema pamoja na sifa zake zote.

Fundi wa Stesheni
Mmesahau fedha, nazo pia hudanganya. Mwaka 2016 huko Marekani, Jeb Bush, mtia nia wa chama cha Republican, aliungwa mkono kwa zaidi ya dola milioni 100, akajitoa mwezi Februari akiwa na wajumbe wanne tu.

Mwalimu wa Ng'ambo
Dada wa Urambo, mfano wako ni sahihi lakini haujakamilika, kwa sababu Lowassa alikuwa nguzo ya mtandao huohuo wa 2005, na miaka kumi baadaye haukumsaidia mbele ya Kamati Kuu iliyoongozwa na Kikwete mwenyewe. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba ukumbini kwamba wana imani na Lowassa, jina likabaki limekatwa. Mtandao hupiga kura pale tu jina linapofika kwenye kura.

Kwangu mimi kipimo cha uhakika ni hiki: mtia nia ni chaguo la pili la watu wangapi? Mwaka 1995, katika duru ya kwanza ya kura za Mkutano Mkuu, Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Msuya alipotoka, Mkapa alishinda kwa 686 dhidi ya 639. Aliyeongoza asubuhi aliongeza kura 105. Aliyemfuata aliongeza 227. John Magufuli naye, mwaka 2015 akiwa Waziri wa Ujenzi, hakuwa kinara wa kundi lolote kubwa. Bernard Membe na January Makamba walipobaki nje ya tatu bora, yaani majina matatu yaliyopigiwa kura na Mkutano Mkuu, wajumbe wasiotaka kambi ya mwenzao ishinde walikuwa na mahali pa kukimbilia, akazoa kura 2,104.

Mkazi wa Cheyo
Mwalimu, umenigeuza nusu. Umati nauondoa kwenye nafasi ya kwanza, ingawa siufuti: Lowassa alipohamia Chadema, umati uleule ulimpa karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima, kwa hiyo ulikuwa umati wa kweli, ila haukuwa na kiti Dodoma. Kinachonitatiza ni namna ya kukitumia kipimo chako mapema, maana chaguo la pili halitangazwi na halivai fulana.

Mzee wa Isevya
Usimuulize shabiki anamtaka nani. Muulize jina lake likikatwa atahamia kwa nani, kisha uhesabu jina linalorudiwa na mashabiki wa kambi zinazogombana. Mwaka 2015 niliuliza hivyo pale sokoni, na waliomtaja Waziri wa Ujenzi walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakimshabikia. Sikuyatilia maanani, kwa kuwa na mimi nilikuwa na fulana yangu.